Masomo ya MBA yanafika ofisini na kwenye PhD, au yanaishia kwenye chumba cha mtihani? Wana Nyanda za Juu Kusini tujadili

#1 Loleza_Juu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu najua humu wamo wahitimu wengi wa MBA kutoka Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, na wamo pia waliojitosa kwenye PhD.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya masomo ya uzamili wa biashara hufa siku ya mtihani. Mtu anasoma uhasibu wa menejimenti, masoko, mikakati, tabia za watu kazini na mbinu za utafiti, kisha anarudi ofisini na kufanya kazi vilevile alivyokuwa akiifanya kabla ya kulipa ada. Akifika kwenye uzamivu anaambiwa kwamba kule hakutafutwi suluhisho la tatizo la ofisi yake, kunatafutwa mchango kwenye maarifa. Mimi ninasimamia ghala la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, nimemaliza masomo ya darasani, nimebakiza tasnifu, na ninafikiria kuendelea mbele. Nikiyapitia masomo yote, yaliyobadilisha maamuzi yangu ya kazi ni usimamizi wa fedha na usimamizi wa uendeshaji peke yake, na hata hayo yamenisaidia nusunusu.

Kwa hiyo ninauliza: ni somo gani hasa ulilolitumia kazini, ulilitumia wapi na lilileta nini? Na kwa waliofika PhD, masomo ya MBA yaliwabeba au yaliwachelewesha? Tafadhali msiniletee maneno ya kwenye vipeperushi vya vyuo.

#2 Mhasibu_Vwawa

Shukrani kwa mada. Ninatunza vitabu vya SACCOS yenye walimu, wauguzi na wakulima wa kahawa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 9, kilichoanza kutumika Januari 2018 kuchukua nafasi ya IAS 39, kinataka chama kitenge fedha za hasara inayotarajiwa kwenye mikopo, badala ya kusubiri mkopo uoze ndipo hasara iandikwe. Kinachukulia kwamba mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 umeongezeka hatari, na uliopita siku 90 umeshindikana, isipokuwa uwe na ushahidi wa kupinga dhana hiyo. Watu wengi huuruka huo mlango wa ushahidi wanapokisoma. Kwetu ndimo tulimopitia.

Mkulima wa kahawa alikuwa amepangiwa rejesho la kila mwezi kama mwalimu mwenye mshahara. Ikifika Machi anaonekana amekufa kimkopo, ikifika Oktoba, baada ya mauzo, ameshalipa yote pamoja na riba. Katika kazi ya somo la taarifa za fedha niliitenganisha mikopo kwa chanzo cha kipato, nikafuata daftari za misimu iliyopita, na ikaonekana wazi kwamba ucheleweshaji wa wakulima ulikuwa unafuata kalenda ya zao. Bodi ilikubali kuwapangia marejesho ya msimu. Iliwakatalia wenye maduka, nao wamenuna hadi leo.

Kwa hiyo mleta mada, somo halikufa. Lakini nakiri kwamba lisingefika popote kama nisingekuwa mtu ninayeshika hizo daftari kila siku.

#3 MwanaMafinga

Ninaunga mkono #2, nikiongeza mfano wa mbao.

Nilipokuwa nasoma usimamizi wa uendeshaji, mhadhiri alituambia tufuate malighafi kutoka inapoingia hadi inapotoka na tuandike inapopotea. Nilikwenda kwenye dingdong (mashine ya kuchana mbao inayohamishika) ninayoisimamia huku Mufindi na kupima njia ya msumeno. Msumeno wa duara unakula takriban milimita 6 kila unapopita. Ubao wa inchi moja ni milimita 25. Maana yake ni kwamba katika kila milimita 31 za gogo, 6 zinageuka unga, yaani karibu moja ya tano, kabla hujahesabu mabanzi ya pembeni na mbao zilizopinda. Msumeno wa mkanda unaokula milimita 2 ungepunguza upotevu huo hadi kama asilimia 7 tu.

Nikapeleka hesabu kwa tajiri, pamoja na thamani ya sasa ya faida ya miaka mitano kama tulivyofundishwa kwenye somo la fedha. Hesabu ilisema nunua. Tajiri akaniuliza maswali ambayo hayakuwamo kwenye karatasi: mkanda ukikatika nani ataunga, nani atanoa, na huyo fundi atalala wapi wakati gogo lipo porini na mashine ya duara inabebwa kwenye pikapu? Mashine haikununuliwa. Mpaka sasa sijui kama somo lilishindwa au lilifanikiwa, maana angalau tulijua tunapoteza nini na tunapoteza kwa sababu gani.

#4 Kipengere_Baridi

Ninashukuru kwa elimu. Kumbe lile rundo la unga wa mbao ninalochota bure kwa ajili ya banda la kuku ni moja ya tano ya gogo la mtu. Naomba mashine ya mkanda isije kabisa.

#5 Dada_Kihesa

Kamwene. Mimi niko mwaka wa tatu wa PhD, na nitajibu swali la pili.

Masomo ya MBA yalinibeba na kunichelewesha kwa wakati mmoja. Yalinibeba kwa sababu yalinipa nadharia chache ninazozijua vizuri, na yalinichelewesha kwa sababu yalinizoesha kukimbilia mapendekezo. Kazi ya MBA huisha kwa kusema meneja afanye nini. Msimamizi wangu wa sasa alirudisha pendekezo langu la kwanza akiwa amekata kwa kalamu ukurasa mzima wa mapendekezo, akaandika pembeni: kwa nini hali hii inaendelea ilhali kila mtu anajua ni mbaya?

Mada yangu ni lumbesa ya viazi mviringo, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanatangaza kila msimu, wakulima wanalalamika, na bado gunia linashonewa kichwa cha nyavu juu. Mtu wa MBA ataandika kwamba elimu itolewe na sheria isimamiwe. Mtu wa PhD anatakiwa aeleze ni nani anayenufaika kila gunia linapoongezwa kilo moja, na kwa nini anayeumia anakubali. Hapo ndipo nadharia ya Oliver Williamson ya gharama za miamala (gharama za kukubaliana na kusimamia biashara, mbali na bei yenyewe), na zaidi kazi ya Yoram Barzel ya mwaka 1982 kuhusu gharama za kupima, ziliponisaidia. Nilizikuta kwa mara ya kwanza kwenye somo la uchumi wa menejimenti la MBA, zikiwa aya moja tu kwenye kitini, na wakati huo niliisoma kwa ajili ya mtihani.

#6 Loleza_Juu

Dada_Kihesa, asante, hiyo ndiyo aina ya jibu niliyoitaka. Nami nieleze nusunusu yangu.

Kuna kanuni ya kiasi bora cha kuagiza, aliyoiandika Ford Harris mwaka 1913. Unachukua mahitaji ya mwaka, unazidisha kwa gharama ya kuagiza mara moja, unazidisha mara mbili, unagawanya kwa gharama ya kutunza mfuko mmoja kwa mwaka, kisha unatafuta kipeo cha pili. Tuseme ninauza mifuko 3,600 ya saruji kwa mwaka, kila oda inanigharimu 200,000, na kutunza mfuko ni 4,000. Jibu ni mifuko 600, ambayo kwa mfuko wa kilo 50 ni tani 30, mzigo wa semi moja. Nilifurahi kwa sababu jibu lilikaa vizuri kwenye gari. Bosi alitazama karatasi akasema kwamba mwezi wa saba mzigo huo utakwisha mapema na wateja watahamia kwa jirani, na mwezi wa pili utakaa hadi saruji igande kwa unyevu. Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Sasa niambieni, kanuni ina faida gani?

#7 Mzee_wa_Uyole

Kijana wangu Loleza, usiilaumu kanuni kwa kosa ambalo si lake. Harris alisema wazi kwamba mahitaji yanachukuliwa kuwa sawa mwaka mzima. Huku kwetu mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa nne au zaidi, na watu hujenga kiangazi baada ya kuuza mavuno. Nimetunza bohari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nasi tulikuwa na mipango miwili: wa kiangazi na wa masika. Fanya hesabu mara mbili kwa mahitaji ya kila msimu, na kwa masika ongeza thamani ya mifuko inayoganda ndani ya gharama ya kutunza. Utaona kwamba oda ya masika inapungua yenyewe bila bosi kukucheka. Pia jiulize kama mwenye gari atakubali kukuletea nusu mzigo, maana hapo ndipo hesabu yote inapogeuka.

Tatizo la vijana wa masomo ya jioni ni kwamba wanaondoka darasani na kanuni na kuyaacha masharti yake kwenye meza ya mhadhiri.

#8 Forest_ya_Zamani

Mzee wa Uyole, shikamoo. Pamoja na heshima zote, ninadhani mnazunguka mbuyu. Sababu kubwa ni kwamba nadharia tunazofundishwa zilitungwa kwa ajili ya viwanda vya Marekani. Michael Porter alipoandika zile nguvu tano za ushindani sokoni mwaka 1985 hakuwa anafikiria soko la Mwanjelwa wala mpaka wa Tunduma. Huwezi kuzungumzia nguvu ya mnunuzi mahali ambapo mnunuzi ni huyohuyo dalali, mkopeshaji wa mbolea na shemeji wa mwenyekiti wa kijiji. Mpaka tutakapokuwa na nadharia zetu, MBA itabaki cheti cha kupandia cheo.

#9 Ruaha_Mbuyuni

Marekebisho madogo kwa #8. Nguvu tano zilitoka kwenye makala ya mwaka 1979 na kitabu cha 1980. Mwaka 1985 ni wa mnyororo wa thamani. Watahini wa nje hupenda sana kosa hilo, kwa hiyo lirekebishe kabla ya utetezi.

Kuhusu hoja yenyewe, nakubali kwa nusu. Elinor Ostrom, aliyegawana Nobel ya uchumi ya mwaka 2009 na Williamson huyohuyo aliyetajwa na Dada_Kihesa, aliijenga kazi yake kwa kuchunguza, pamoja na mengine, wakulima wa umwagiliaji wa Nepal na visima vya California, namna wanavyojiwekea sheria za maji na kuadhibiana wenyewe. Mtu anayefanya kazi na umoja wa watumia maji kwenye skimu za Mbarali hatakosa kujiona humo: nani anafungua lango la mfereji, nani aliye mwisho wa mfereji, faini inalipwa kwa nani. Hiyo nadharia haikutoka kiwandani. Swali langu ni kwa nini kwenye MBA nyingi haifundishwi kabisa, ilhali Porter anafundishwa kwenye masomo matatu tofauti. Mimi nadhani ni kwa sababu vitini vinarithiwa.

Na huyo dalali ambaye pia ni mkopeshaji na shemeji, mbona umeshaeleza mwanzo wa tasnifu nzuri? Umeeleza masoko matatu yaliyofungwa kwenye mtu mmoja.

#10 Forest_ya_Zamani

Ahsante kwa mwaka. Shemeji mwenyewe akisoma uzi huu nitahamia Sumbawanga.

#11 Chaki_na_Ubao

Niseme kama mtu anayefundisha, bila kutaja chuo. Tunalaumiwa kwamba hatujafanya kazi nje ya darasa, na kwa baadhi yetu ni kweli. Lakini na wanafunzi nao waseme ukweli. Ninapotoa kazi ya kuchambua taasisi ya mwanafunzi mwenyewe, napokea uchambuzi wa kampuni kubwa za simu zilizoko Dar es Salaam, kwa sababu taarifa zake zinapatikana mtandaoni, kutoka kwa mtu anayeshinda siku nzima kwenye kiwanda cha chai kule Rungwe. Nikimuuliza kwa nini, anasema hesabu za kazini ni siri. Wakati mwingine ni siri kweli. Wakati mwingine ni uvivu.

Kwenye utafiti kuna ugonjwa mwingine. Modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989, inayosema kwamba mtu hukubali teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia, imegeuzwa kuwa kanzu ya kila maiti. Nimesoma pendekezo lililoitumia kueleza matumizi ya mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT alianza kulazimishwa na sheria kutumia mashine hizo mwaka 2010. Kumuuliza kama anaona ni rahisi ndiyo maana anatumia ni kukwepa jambo kubwa lililopo mezani, yaani faini. Swali la maana lingekuwa ni lini anatoa risiti na lini hatoi, kwa mteja gani, na kwa bei gani.

#12 Karani_Tunduma

Mwalimu, nimekuelewa, ila si haki kuisukumia modeli yote lawama. Venkatesh na Davis mwaka 2000 waliipanua na kuingiza suala la hiari au lazima, na mwaka 2003 Venkatesh na wenzake wakalibakiza kwenye modeli kubwa zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi wako alikuwa na mahali pa kukimbilia. Tatizo ni kwamba alinakili toleo la zamani kutoka kwenye tasnifu ya mwenzake, naye mwenzake alinakili kwa mwingine.

Huku mpakani swali lako la risiti lina jibu fupi: risiti hutolewa kwa mteja anayeihitaji kwa ajili ya forodha. Wengine mtanisamehe, sitaendelea.

#13 Kahawa_Mbozi

Habari za jioni. Mimi ninataka kuleta sababu nyingine ambayo naona inarukwa: ofisi haina nafasi ya kupokea ulichosoma.

Nilikuwa mtendaji wa chama kimoja cha msingi cha mazao. Somo la utawala wa mashirika lilinifundisha nadharia ya wakala ya Jensen na Meckling ya mwaka 1976, kwamba anayeendesha mali ya mwingine atavutia upande wake usipomwekea vivutio na ukaguzi. Nilirudi na mapendekezo matatu: uzito wa kahawa mbivu usomwe kwa sauti mbele ya mkulima, stakabadhi iandikwe palepale kwa nakala, na makato yote yabandikwe ukutani kabla ya malipo ya pili. Hakuna lililohitaji fedha. La kwanza lilikubaliwa, la pili likacheleweshwa kwa sababu vitabu vya stakabadhi vilisemekana vimekwisha, la tatu likaniletea maadui. Wajumbe wa bodi hawakuwa wezi wote, nisieleweke vibaya. Waliogopa kwamba makato yakibandikwa, kila mkutano utageuka kuwa kesi.

Hapo ndipo nilipoona pengo la nadharia yenyewe. Jensen na Meckling wanazungumzia mwenye hisa aliye mbali na meneja. Kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi kama hicho chetu, mwanachama ni mwenye mali, ni muuzaji, na ni jirani wa mwenyekiti. Kesho watakutana msibani. Kumdai hesabu hadharani kuna gharama ambayo haimo kwenye makala yao. Hilo nililiandika kwenye tasnifu ya MBA kwa aya mbili, na msimamizi akaniambia nilitoe kwa sababu halina takwimu.

#14 Dada_Kihesa

Kahawa_Mbozi, hizo aya mbili zihifadhi. Ninakuambia kwa dhati kwamba huo ndio mchango ambao PhD inautafuta: nadharia inayojulikana, mahali ambapo sharti lake moja halitimii, na maelezo ya kinachotokea sharti hilo linapokosekana. Mzee wa Uyole amesema jambo hilohilo kuhusu saruji bila kutaja PhD.

Kuhusu takwimu, si kila swali linadai dodoso. Kathleen Eisenhardt aliandika mwaka 1989 namna ya kujenga nadharia kutokana na visa vichache vinavyochunguzwa kwa kina. AMCOS nne zilizochaguliwa kwa sababu, mbili zinazobandika makato na mbili zisizobandika, zinaweza kusema mengi kuliko wanachama 400 waliojaza namba 1 hadi 5.

#15 Kipengere_Baridi

Wanachama 400? Taro Yamane, mwenye kanuni ya ukubwa wa sampuli, ameshaamka huko alikolala. 400 gawanya kwa 1 jumlisha 400 mara 0.0025 (kosa la 0.05 likizidishwa kwa lenyewe), ni watu 200 kamili. Tasnifu imekwisha, tupige picha na majoho.

#16 Mhasibu_Vwawa

Kipengere, umecheka lakini umegusa kidonda. Kanuni hiyo hutoa ukubwa wa sampuli pale unapokadiria uwiano kwenye sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Watu huikokotoa vizuri, kisha wanagawa madodoso kwa yeyote aliyekutwa ofisini siku hiyo. Hapo 200 au 20 havina tofauti kubwa.

Na mimi sikubaliani moja kwa moja na #14. Visa vinne ni vizuri, lakini mtendaji aliyefukuzana na bodi akichagua mwenyewe vyama vyake vinne, mtahini atauliza alivichaguaje.

#17 Kahawa_Mbozi

Sikufukuzana nao, niliondoka kwa barua. Lakini hoja yako ni ya haki.

#18 MwanaMafinga

Naomba kuuliza kabla uzi haujaelekea kwenye sampuli moja kwa moja. Je, kwa mtu anayetaka kubaki kazini, si bora atafute DBA (shahada ya udaktari ya usimamizi wa biashara) kuliko PhD? Nasikia hiyo inaruhusu tatizo la kazini kuwa ndiyo mada.

#19 Ruaha_Mbuyuni

Inategemea chuo, na jina pekee lisikudanganye. Chuo cha biashara cha Harvard kilitoa DBA kwa miaka mingi ikiwa shahada ya watafiti, na mwaka 2018 kikaibadilisha kuwa PhD, kwa hiyo huwezi kusema kwamba DBA kwa asili yake ni nyepesi au ni ya maofisini. Vyuo vingine, hasa vya Uingereza, huitoa kwa watu walioko kazini, na tatizo la kazini ndilo mwanzo wa utafiti. Kwa hapa nchini, kabla hujalipa chochote nje, ulizia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama cheti chako kitatambuliwa, kwa kuwa mwajiri wa serikali atakuuliza.

Lakini usidhani tatizo la kazini linakataliwa kwenye PhD. Dingdong yako inaweza kuwa mada. Kinachotakiwa ni swali liwe kubwa kuliko mashine moja: kwa mfano, kwa nini wachanaji wengi wanabaki na teknolojia inayopoteza gogo hata pale hesabu zinapoonyesha nyingine ina faida? Tajiri wako alikupa dhana tatu za kupima bure, za fundi, mkanda na pikapu. Mimi ningeongeza ya nne, muda wa kibali cha uvunaji. Mtu mwenye miti ya msimu mmoja hawekezi kwenye mashine ya miaka mitano.

#20 MwanaMafinga

Hiyo ya kibali umeigonga. Ukipewa mgao mwaka huu hujui kama utaupata mwakani, na hesabu yangu ilichukulia kwamba magogo yatakuwepo kwa miaka yote mitano. Ila wapo wenye mashamba yao binafsi ya miti, hawategemei mgao, nao wanatumia duara vilevile. Kwa hiyo dhana yako inahitaji kujibu na hao.

#21 Mzigo_Isyonje

Nimesoma uzi wote kimya kwa sababu mimi si msomi wa MBA, ni mnunuzi wa viazi. Dada wa Kihesa amenitaja bila kunitaja.

Lumbesa mnaielezea kama wizi wa mnunuzi. Sikilizeni upande wetu. Kupakia kunalipwa kwa gunia, kushusha kunalipwa kwa gunia, gari linalipwa kwa gunia, na kwenye geti la ushuru, ingawa sheria inataja asilimia ya bei, wanachohesabu ni magunia. Nikifunga kilo 100 na mwenzangu akafunga 130, tukifika mjini yeye amelipia gharama hizo zote mara chache kuliko mimi kwa viazi vilevile. Nikiacha lumbesa peke yangu ninafunga biashara. Na mkulima anajua: bei ya gunia la lumbesa na bei ya gunia la kawaida si moja. Anayeumia ni yule asiyejua kupiga hesabu ya kilo, na hao wanapungua.

#22 Forest_ya_Zamani

Mkuu wa Isyonje, kama mkulima analipwa tofauti ya haki, mbona mnaukimbia mzani? Mimi nimelima viazi Umalila. Kilo za juu ya shingo ya gunia hazikuwahi kulipwa sawa na za ndani. Mnunuzi alikuwa mmoja, gari moja, na viazi vimeshachimbwa. Hiyo siyo gharama ya upakiaji, hiyo ni nguvu ya mnunuzi, na hapo namrudia Porter niliyemkataa.

#23 Dada_Kihesa

Ninawashukuru nyote wawili, kwa sababu mmeweka mezani maelezo yanayoshindana kwenye sura yangu ya pili. Kama Mzigo_Isyonje yuko sahihi, lumbesa inapaswa kupungua pale ambapo upakiaji na ushuru vinatozwa kwa kilo, hata kama mnunuzi ni mmoja. Kama Forest yuko sahihi, inapaswa kupungua pale wanunuzi wanapokuwa wengi, hata kama malipo yote ni ya gunia. Ugumu ni kwamba sehemu zenye wanunuzi wengi mara nyingi ndizo zenye barabara nzuri na mizani, kwa hiyo mambo hayo yanatembea pamoja na kuyatenganisha si kazi ndogo. Mhasibu_Vwawa ataniuliza sampuli, na ana haki.

Kinachonipa tabu kwa sasa ni chepesi zaidi. Nina barua ya chuo na ya Katibu Tawala wa Mkoa, nasubiri ya halmashauri, lakini wanunuzi hawataki nipime magunia yao. Mzigo_Isyonje, ungeruhusu?

#24 Mzigo_Isyonje

Ya kwangu pima. Usipige picha namba ya gari, na usije siku ya Alhamisi, tunapakia usiku. Mzani wako unafika kilo ngapi?

#25 Dada_Kihesa

Unaishia 150.

#26 Mzigo_Isyonje

Tafuta wa 200, dada.